Fahamu Namna Kumbukumbu ya Kompyuta Inavyopimwa Baada ya Kupandishwa Kasi

Kumbukumbu ya kompyuta, ambayo wengi huifahamu kwa jina la RAM, ni mahali ambapo prosesa huweka data inayofanyiwa kazi kwa wakati huo. Barua inayoandikwa, jedwali la mishahara linalojumlishwa na picha inayotazamwa hukaa humo kabla ya kuhifadhiwa kwenye diski. Kumbukumbu nyingi za kisasa zenye uwezo mkubwa huuzwa zikiwa na kasi iliyo juu ya kiwango cha kimataifa, na mtumiaji hupewa nafasi ya kuipandisha kasi hiyo mwenyewe. Nafasi hiyo ina sharti moja: kompyuta isikabidhiwe kazi yenye thamani kabla kumbukumbu yake haijapimwa na kuthibitika kuwa salama.

Makala haya yanaeleza maana ya kupandisha kasi ya kumbukumbu, sababu za makosa kutokea, hatua za upimaji na namna ya kuyasoma matokeo.

Kura 4,096 zilizojitokeza bila mpiga kura

Tarehe 18 Mei, 2003 Ubelgiji ilifanya uchaguzi wa Bunge. Katika manispaa ya Schaerbeek, jijini Brussels, wananchi walipiga kura kwa kompyuta na kura zao kuandikwa kwenye kadi za sumaku. Wakati wa kujumlisha matokeo, mgombea mmoja alionekana kupata kura nyingi kuliko ilivyowezekana kwa hesabu za orodha yake. Kadi ziliposomwa upya, ilibainika kuwa alikuwa ameongezewa kura 4,096 kamili.

Idadi hiyo iliwapa wataalamu dalili ya chanzo. Kompyuta huhesabu kwa biti, yaani sifuri na moja, na biti ya kumi na tatu kutoka mwisho wa namba ina thamani ya 4,096. Biti hiyo ikigeuka kutoka sifuri kuwa moja, namba huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Kompyuta na programu zilichunguzwa bila kupatikana hitilafu inayojirudia, na wataalamu wakahitimisha kuwa biti moja iligeuka yenyewe ndani ya kumbukumbu.

Kompyuta ile haikuwa imepandishwa kasi. Hata hivyo, tukio hilo linaonesha uzito wa biti moja. Kosa liligundulika kwa sababu matokeo yalikuwa hayawezekani. Iwapo biti iliyogeuka ingekuwa ile yenye thamani ya 64, huenda pasingekuwa na mtu wa kuitilia shaka jumla iliyotangazwa. Anayepandisha kasi ya kumbukumbu bila kuipima huongeza kwa hiari yake uwezekano wa makosa ya aina hiyo, ambayo mengi hayapigi kelele.

Jinsi kumbukumbu inavyotunza data

Msingi wa kumbukumbu inayotumika leo uliwekwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepata hataza ya uvumbuzi wake nchini Marekani mwaka 1968. Katika muundo wake, kila biti hutunzwa na transista moja na kapasita moja. Kapasita ikiwa na chaji husomeka kuwa moja, na ikiwa tupu husomeka kuwa sifuri.

Udhaifu wa muundo huo ni kwamba chaji huvuja. Kapasita ni mfano wa ndoo ndogo yenye tundu, hivyo ni lazima ijazwe upya kabla haijapungua kiasi cha kutotambulika. Katika kumbukumbu za DDR4, kila safu ya seli huhuishwa angalau mara moja katika kila milisekunde 64. Joto la kipande likivuka nyuzi 85 za Selsiasi, kazi hiyo hufanyika mara mbili zaidi kwa sababu uvujaji huongezeka kadiri joto linavyopanda.

Kipande kimoja cha gigabaiti 16 kina biti zaidi ya bilioni 137. Kila moja kati ya hizo inapaswa kuandikwa, kuhuishwa na kusomwa kwa usahihi, mchana na usiku, kwa muda wote kompyuta inapokuwa imewashwa.

Kasi ya kiwango na kasi ya tangazo

Viwango vya kumbukumbu hutolewa na JEDEC, chombo cha kimataifa kinachounganisha kampuni za sekta ya vifaa vya kielektroniki. Kiwango cha DDR4 kilichapishwa Septemba 2012 kwa umeme wa volti 1.2, na kasi yake ya juu ni mihamisho milioni 3,200 ya data kwa sekunde. Kiwango cha DDR5 kilifuata Julai 2020, kikitumia volti 1.1.

Watengenezaji wa seli za kumbukumbu, wakiwemo Samsung, SK hynix na Micron, huzalisha vipande ambavyo havilingani kikamilifu. Baadhi huweza kufanya kazi kwa kasi kubwa kuliko kiwango. Kampuni zinazotengeneza RAM za kuuzwa madukani huchambua vipande hivyo, huteua vilivyo bora na kuviuza kwa kasi ya juu na bei ya juu.

Kasi hiyo iliyoandikwa kwenye boksi haiji yenyewe. Kompyuta inapowashwa kwa mara ya kwanza huchagua kasi ya kiwango. Ili kufikia kasi iliyotangazwa, mtumiaji huingia kwenye mipangilio ya BIOS na kuwasha wasifu uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe. Wasifu huo huitwa XMP kwa utaratibu ulioanzishwa na Intel mwaka 2007, au EXPO kwa utaratibu wa AMD uliotangazwa mwaka 2022. Wapo wanunuzi wanaolipia kasi kubwa na kutumia kompyuta kwa miaka bila kuipata, kwa kuwa hawakuwahi kuwasha wasifu huo. Kwa wanaotumia Windows, kasi halisi huonekana kwenye dirisha la Task Manager, katika sehemu inayohusu kumbukumbu.

Upo pia mkanganyiko wa vipimo. Boksi nyingi huandika megahezi 6,000, ilhali saa ya kumbukumbu hiyo hupiga megahezi 3,000. Data huhamishwa mara mbili katika kila pigo la saa, na ndiyo maana namba huonekana maradufu.

Namba ya kasi pekee haitoshi kupima ubora. Kumbukumbu huwa pia na ucheleweshaji, yaani idadi ya mapigo ya saa yanayopita kati ya ombi na jibu. RAM ya DDR4 yenye kasi ya 3,200 na ucheleweshaji wa mapigo 16 hujibu baada ya nanosekunde 10. Ya DDR5 yenye kasi ya 6,000 na ucheleweshaji wa mapigo 30 hujibu baada ya muda huo huo. Tofauti kubwa iko kwenye wingi wa data inayopita: kipande cha kwanza hupitisha hadi gigabaiti 25.6 kwa sekunde, na cha pili hadi gigabaiti 48.

Kinachobadilika kasi inapopandishwa

Kupandisha kasi kunafupisha muda ambao kila ishara inapewa ili itulie kabla ya kusomwa. Kupunguza mapigo ya ucheleweshaji kunafupisha muda wa kapasita kujaa au kusomeka. Kuongeza volteji kunazipa ishara nguvu, lakini huongeza joto, na joto huongeza uvujaji wa chaji. Kila hatua inayosaidia upande mmoja huweza kudhoofisha upande mwingine.

Mzigo huo hauibebeshi RAM peke yake. Sehemu inayodhibiti kumbukumbu imo ndani ya prosesa, na nyaya nyembamba zinazounganisha viwili hivyo zimo ndani ya ubao mama. RAM nzuri inaweza kutoa makosa kwa sababu ya prosesa iliyo dhaifu kidogo au ubao mama wa daraja la chini. Aidha, kutumia vipande vinne mahali pa viwili huongeza mzigo wa umeme kwenye nyaya hizo, na kasi inayowezekana hupungua.

Ni kwa sababu hiyo dhamana ya kiwandani ya RAM haitoshi kuhakikisha usalama wa kompyuta nzima. Kampuni iliyouza RAM imeipima kwenye mitambo yake. Mchanganyiko wa RAM hiyo na prosesa na ubao mama wa mnunuzi haujapimwa na mtu yeyote mpaka mnunuzi mwenyewe aupime.

Hatua za upimaji

Hatua ya kwanza ni kupima kumbukumbu ikiwa katika kasi ya kiwango. Wengi huiruka hatua hii, kisha makosa yanapotokea hushindwa kujua kama yanatokana na kasi waliyoongeza au na RAM iliyokuwa mbovu tangu dukani. RAM inayotoa makosa katika kasi ya kiwango irejeshwe kwa muuzaji wakati dhamana ikiwa hai.

Hatua ya pili ni kuwasha wasifu wa XMP au EXPO, au kubadili kasi kwa mkono. Anayebadili kwa mkono abadili jambo moja kwa wakati mmoja, aliandike, kisha apime. Anayebadili kasi, volteji na ucheleweshaji kwa pamoja hupoteza uwezo wa kujua kipi kimeleta hitilafu.

Hatua ya tatu ni kupima nje ya mfumo endeshi. Windows au Linux ikiwa inafanya kazi huchukua sehemu ya kumbukumbu kwa matumizi yake, na sehemu hiyo haiwezi kuchunguzwa kikamilifu. Programu kama MemTest86 na Memtest86+ huwekwa kwenye flashi na kompyuta kuwashwa kupitia flashi hiyo, hivyo karibu kumbukumbu yote hubaki wazi kwa ukaguzi. Memtest86+ ni programu huria, na MemTest86 ina toleo lisilo la malipo.

Hatua ya nne ni kupima ndani ya mfumo endeshi, kompyuta ikiwa na mzigo mzito. Prosesa na kadi ya picha zikifanya kazi kwa nguvu, joto ndani ya kasha hupanda, na kumbukumbu iliyofaulu ikiwa imepoa inaweza kushindwa. Prime95, programu iliyotolewa mwaka 1996 kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa, hutumika sana katika hatua hii kwa kuwa hulinganisha majibu yake na majibu sahihi yanayojulikana. Jibu moja likitofautiana, mtumiaji huarifiwa.

Hatua ya tano ni kuzima kompyuta kabisa, kuiacha ipoe, kisha kuiwasha upya. Kila inapowashwa, kompyuta hufanya marekebisho ya muda wa ishara kati ya prosesa na RAM, na marekebisho hayo yanaweza kutoka tofauti na ya awali. Mipangilio iliyo ukingoni huweza kufaulu leo na kushindwa kesho asubuhi. Kurudia zoezi la kuwasha na kupima kwa siku kadhaa huondoa bahati katika matokeo.

Majaribio yanayofanyika ndani ya programu

Programu ya kupima huandika data kwenye kumbukumbu, kisha huisoma na kulinganisha. Ugumu uko katika kuchagua data ya kuandika, kwa kuwa kila aina ya hitilafu hufichuliwa na jaribio lake.

Jaribio la anwani huandika katika kila seli namba ya mahali seli hiyo ilipo. Ikiwa nyaya za anwani zina kasoro, seli mbili zitajibu kwa jina moja na kosa litaonekana. Jaribio la kugeuza hujaza kumbukumbu kwa mpangilio fulani wa sifuri na moja, kisha huugeuza hatua kwa hatua, likitafuta seli zinazoathiriwa na jirani zake. Jaribio la namba za nasibu hutafuta kasoro zinazojitokeza kwa mpangilio maalumu ambao ni vigumu kuutabiri. Lipo pia jaribio la kusubiri, ambapo data huandikwa, kumbukumbu huachwa kwa dakika kadhaa bila kuguswa, kisha husomwa ili kubaini seli zinazopoteza chaji.

Jaribio jingine linahusu usalama. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, wakishirikiana na Intel, walionesha kuwa kusoma safu moja ya seli mara nyingi mfululizo kunaweza kugeuza biti katika safu jirani. Kati ya vipande 129 walivyopima, 110 vilionesha udhaifu huo, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Rowhammer. Programu za upimaji za sasa, ikiwemo MemTest86, zina jaribio linaloiga hali hiyo.

Kusoma matokeo

Kanuni ni moja: idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Hakuna kiwango cha makosa machache kinachoweza kuvumiliwa, kwa kuwa hakuna anayejua kosa lijalo litaangukia wapi. Likiangukia kwenye picha, nukta moja itabadilika rangi. Likiangukia kwenye programu, kompyuta itajizima au kuonesha skrini ya bluu. Likiangukia kwenye jedwali la fedha, namba itabadilika na kuhifadhiwa kwenye diski kana kwamba ni sahihi. Nakala rudufu zitakazochukuliwa baada ya hapo zitalibeba kosa hilo pia.

Makosa yakijitokeza, tiba ya kwanza ni kurudisha kasi chini kwa hatua moja au kuongeza mapigo ya ucheleweshaji, kisha kupima upya. Yakiendelea hata katika kasi ya kiwango, kila kipande kipimwe peke yake, na kihamishwe kutoka tundu moja kwenda jingine. Kosa likikifuata kipande, RAM ndiyo mbovu. Likibaki kwenye tundu, ubao mama au prosesa ndiyo ya kuchunguzwa.

Kufaulu nako kuna mipaka yake. Jaribio lisiloona kosa linathibitisha kuwa kosa halikutokea katika muda huo, joto hilo na mpangilio huo wa data. Kompyuta iliyofaulu katika chumba chenye kiyoyozi haijathibitishwa kufaa katika ofisi isiyo na kiyoyozi kwenye mwambao wa Afrika Mashariki katika miezi ya Januari na Februari. Upimaji unapaswa kufanyika katika mazingira ambamo kompyuta itatumika, na kurudiwa msimu unapobadilika, vumbi linapojaa kwenye feni au programu ya BIOS inapoboreshwa.

Mashindano na kazi ni mambo mawili

Rekodi za kasi zinazotangazwa na wapenzi wa kompyuta duniani zimevuka mihamisho milioni 12,000 kwa sekunde kwa kumbukumbu za DDR5. Rekodi hizo hupatikana kwa kupoza vifaa kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye joto la takribani nyuzi 196 chini ya sifuri, na mara nyingi kompyuta huhitajika kubaki hai kwa muda mfupi tu unaotosha kunukuu kasi. Hazina maana kwamba kumbukumbu hiyo inaweza kutunza hesabu za siku moja ya kazi. Mnunuzi anayeongozwa na rekodi hizo analinganisha mbio fupi na safari ndefu.

Kumbukumbu zinazosahihisha makosa

Hata kumbukumbu isiyopandishwa kasi hufanya makosa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto, uliofuatilia seva za kampuni hiyo kwa takribani miaka miwili na nusu, ulibaini kuwa zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya kumbukumbu vilipata angalau kosa moja kwa mwaka.

Kwa sababu hiyo, seva zinazotunza taarifa nyeti hutumia kumbukumbu ya ECC. Msingi wake ni kanuni za kusahihisha makosa zilizochapishwa na Richard Hamming mwaka 1950. Katika mpangilio uliozoeleka, kila biti 64 za data huambatana na biti 8 za ulinzi. Biti moja ikigeuka, kumbukumbu huitambua na kuirekebisha. Zikigeuka mbili, hutoa taarifa kuwa data hiyo haiaminiki. Kumbukumbu za DDR5 zina ulinzi wa aina hiyo ndani ya kila kipande cha seli, lakini ulinzi huo haufiki kwenye nyaya kati ya RAM na prosesa, mahali ambapo makosa mengi ya kupandisha kasi hutokea. Haupaswi kuchukuliwa kuwa mbadala wa ECC kamili.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mwananchi anayecheza michezo ya kompyuta au kuhariri video, kasi ya ziada inaweza kuwa na faida, na hasara ya kosa ni ndogo iwapo kazi yake ina nakala rudufu. Kwa kompyuta ya mhasibu, ya zahanati, ya shule inayotunza matokeo ya wanafunzi au ya ofisi inayohudumia umma, faida ya kasi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya kumbukumbu za watu zilizomo. Kompyuta za aina hiyo zinafaa kubaki katika kasi ya kiwango, na pale uwezo unaporuhusu, zitumie ECC.

Anayeamua kupandisha kasi ahifadhi kwanza nakala ya data zake kwenye kifaa kisichounganishwa na kompyuta hiyo, na asianze kuitumia kwa kazi kabla upimaji haujakamilika. Asome pia masharti ya dhamana, kwa kuwa watengenezaji wa prosesa huhesabu matumizi ya wasifu wa XMP au EXPO kuwa ni kupandisha kasi, jambo linaloweza kuathiri haki ya mnunuzi kubadilishiwa kifaa.

Anayenunua RAM iliyokwishatumika aombe ipimwe mbele yake au apewe siku za kuipima na kuirejesha. Upimaji kamili wa gigabaiti 16 huweza kuchukua saa kadhaa, na muuzaji anayejiamini hana sababu ya kuukataa.